Dada ana kilo 104, kaka ni mlevi: nani kati yao yuko karibu zaidi na kaburi?

#1 Mwana_wa_Shinyalu (mwenye uzi)
*Jumapili, saa 3:10 usiku*

Wadau, leo sina utani. Juzi tumemzika mjomba huko Shinyalu, na mnajua matanga ya kwetu: wageni wakipungua na sufuria zikishaoshwa, ndipo vita vya familia huanza.

Nina dada mkubwa anayeuza chakula Nakuru, karibu na stendi ya matatu. Urefu wake sentimita 160, uzito kilo 104. Nina kaka pia, fundi wa mawe, yuko nyumbani. Huyu anakunywa. Sisemi kunywa kwa sherehe. Anaamka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kwa mama pima, muuza chang'aa, kutoa loki (glasi ya kuondoa uchovu wa pombe ya jana), ndipo mikono itulie aweze kushika mwiko wa saruji.

Basi dada akamwanza mbele ya wazee: utatuachia watoto wako, utakufa kama mjomba. Kaka akamwangalia weee, halafu akasema: "Mimi nakunywa, wewe unakula. Panda hicho kilima hadi barabarani tuone nani atafika akiwa na pumzi." Watu wakaangua kicheko. Dada akaingia ndani kulia. Wazee wakagawanyika, shangazi akasema mnene hajawahi kumtukana mtu njiani, mwingine akasema mlevi angalau anafanya kazi ya jasho. Mpaka tunaondoka hakuna aliyeshinda.

Mimi kazi yangu ni hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, si daktari. Nauliza kwa dhati: nani yuko hatarini zaidi? Na msiniambie "wote wawili", hilo hata chifu alisema.

Kwa kujazia: dada ni Msabato, hajaonja tone maishani. Kaka amekuwa mwembamba miaka yote, ingawa tangu Krismasi na yeye ameota kitambi, tumekuwa tukimtania kwamba chang'aa imeanza kumlipa. Jioni hata miguu inajaa.

#2 Kijana_wa_Kondele

Naweka kiti mbele kabisa. Mimi timu dada. Lini mmesikia mtu ameuza ng'ombe wa mahari kwa sababu ya chapo madondo, chapati na maharagwe?

#3 Namba_za_Bungoma

Umekataza "wote", basi tuhesabu. Shirika la Afya Duniani linasema pombe iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019. Uzito uliopita kiasi unabebeshwa vifo milioni 3.7 mwaka 2021, kwa njia ya moyo, kisukari, saratani na ndugu zao. Kwa haraka utasema unene umeshinda. Lakini hao milioni 3.7 wanatoka katika umati mkubwa mno: wanene kupindukia peke yao walipita bilioni moja mwaka 2022, na hesabu hiyo ya vifo inawashika hata waliozidi kidogo tu. Wenye ugonjwa wa pombe ni kama milioni 400. Kundi dogo, makaburi mengi. Tena ya vijana: katika vifo vya watu wa miaka 20 hadi 39, karibu 13 kwa kila 100 vina mkono wa pombe.

Hapa kwetu ndiyo usiseme. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi, walipopima mwaka 2022, Wakenya wa miaka 15 hadi 65 wanaokunywa walikuwa asilimia 12.2. Magharibi tulikuwa asilimia 23.8, tumeongoza nchi nzima. Kombe hilo hatukuliomba. Upande wa uzito, uchunguzi wa taifa wa 2015 ulikuta wanawake asilimia 38.5 wamezidi kipimo, wanaume 17.5.

Na dada yako, kilo 104 gawanya kwa 1.6 mara mbili, ni 40.6, ndicho kipimo cha uzito kwa urefu (BMI). Unene unaanzia 30. Kuanzia 40 ni daraja la juu kabisa.

#4 Klinikal_wa_Ahero

Mwana wa Shinyalu, acha hizo hesabu kwanza. Mimi ni klinikal ofisa, nimekaa wodi ya wanaume miaka kumi na moja, na katika maelezo yako yote kilichonishtua ni sentensi ya mwisho.

Mlevi wa kila siku, mwembamba wa miaka yote, anaota tumbo ndani ya miezi michache na miguu inavimba. Huko si kunenepa. Nijibu haya: mashavu na mikono yake imejaa, au imekwisha ikabaki mifupa? Akilala chali, tumbo linamwagikia mbavuni kama maji kwenye mfuko? Kitovu kimetokeza nje? Weupe wa macho una manjano? Amewahi kutapika damu au kwenda choo cheusi kama lami? Analala mchana na kukesha usiku, anasahau mambo ya juzi?

Jibu usiku huu kama unaweza.

#5 Kijana_wa_Kondele

Daktari umeua utani wote.

#6 Mzee_wa_Mirija

Vijana mnatishana bure. Babu yangu alikunywa busaa mpaka akafika miaka 93, akafa akiwa na meno yake. Alizikwa na mrija wake. Hao wa hospitali kila kitu ni ugonjwa. Wanene ndio wanaanguka ghafla, nimewaona wawili kanisani.

#7 Mama_wa_Kibuye

Mzee wangu, shikamoo kwanza. Hiyo busaa ya babu yako nimeipika mimi mikono hii, nikiwa msichana. Unga wa mahindi unavundikwa, unakaangwa kwenye bati, unatiwa kimea cha wimbi, siku zinapita. Ilinywewa baada ya mavuno, wazee wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na mtu akichokoza wenzake anatolewa. Huwezi kuifananisha na chang'aa ya kila asubuhi inayopimwa kwa glasi, mnunuzi amesimama dirishani. Na wale wazee wenzake waliokufa na miaka 45, nani atawaita hapa watoe ushahidi wao?

Ila nina neno kwa upande wa dada, kwa sababu mwili wake ndio mwili wangu. Kilo 98 mimi.

Nyinyi vijana hamkumbuki mwaka 1999 huku kwetu. Ukikonda, watu walikuwa wanahesabu siku zako. Walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, au walisema "ule ugonjwa" na kunyamaza. Mume wangu alipofariki nilikonda kwa huzuni tu, na wateja wakaacha kununua nguo kwangu. Mitumba, jamani! Mtu anaogopa kugusa blauzi uliyoikunja. Nikaanza kula. Nilikula nikiwa na njaa na nikiwa nimeshiba, ugali wa usiku, mandazi ya alfajiri na chai ya sukari vijiko vinne, mpaka watu wakasema "Mama sasa umependeza, mwili umekubali." Wateja wakarudi. Kwa hiyo mkiniambia leo mwili huu ni ugonjwa, nitawaambia ulinilipia karo ya watoto watatu.

Na mlevi naye, muulizeni vizuri, utakuta pombe ilianza kama dawa ya kitu fulani.

#8 Mwana_wa_Shinyalu
*Jumapili, saa 5:40 usiku*

Nimempigia mke wake. Klinikal, mashavu yameingia ndani, mikono ni kama ya mtoto. Tumbo linameremeta. Kitovu kimetoka nje, anasema walidhani ni ngiri. Macho yana rangi ya chai ya maziwa. Damu hapana. Lakini usingizi ni hivyo hivyo ulivyosema, anakesha akizunguka boma, na wiki iliyopita alimuita mtoto wake wa kwanza kwa jina la marehemu baba yetu mara tatu.

Tulikuwa tunacheka hicho kitambi. Mimi mwenyewe nilimpiga picha.

#9 Klinikal_wa_Ahero

Usijilaumu, ni kosa la wengi. Tumbo la mlevi na tumbo la mshibaji yakivaa shati yanafanana.

Pombe ikifika kwenye ini inageuzwa kwanza kuwa sumu kali zaidi ya pombe yenyewe, ndipo ivunjwe tena iwe kitu kisicho na madhara. Ini likifanya kazi hiyo kila siku linaanza kuweka mafuta. Hatua hiyo haiumi, na mtu akiacha, ini linaweza kujisafisha katika wiki chache. Asipoacha linavimba, kisha linashika makovu, nyama laini inakuwa ngumu kama soli ya akala. Damu inayopaswa kupita humo inakosa njia, inarudi nyuma na kusukuma maji yajae tumboni. Hapo ndipo kaka yako alipofika, kwa maelezo uliyonipa. Mishipa ya koo la chakula nayo inatuna, siku ikipasuka mtu anatapika beseni la damu. Na uchafu ambao ini lilikuwa linachuja unapanda kichwani, ndiyo hiyo ya kukesha na kusahau majina.

Watu wanaofika hatua ya tumbo la maji, karibu nusu hawamalizi miaka miwili au mitatu, hasa wakiendelea kunywa. Wanaoacha nimewaona wakirudi kazini.

Kwa hiyo ulitaka jibu moja. Kwa leo ni kaka, na kwa mbali. Kesho asubuhi apelekwe hospitali yenye wodi. Na nisikilizeni hapa: msimfungie ndani mkamnyima pombe wenyewe.

#10 Kijana_wa_Kondele

Hapo sijaelewa. Pombe inamuua, halafu asinyimwe?

#11 Miaka_Sita_Nakuru

Nitajibu mimi, maana niliwahi kufungiwa.

Nilikuwa nakunywa tangu asubuhi, kegi mpaka jioni, usiku vile vya pakiti. Ndugu zangu huku Nakuru wakaamua kuniokoa. Wakanifungia chumba cha nyuma na Biblia, maji na mkate. Siku ya kwanza nilitetemeka tu na kutapika. Siku ya pili usiku nikaona siafu wanatoka ukutani, wengi, wanapanda godoro, nikawa nawapangusa mpaka ngozi ikachubuka. Nikasikia marehemu mama ananiita dirishani. Kisha sikumbuki. Walisema nilishikwa na kifafa, nikauma ulimi, jasho kama nimemwagiwa maji. Daktari aliwaambia wangechelewa saa chache wangekuwa wanachanga pesa za jeneza.

Ubongo wa mlevi umezoea kukandamizwa kila siku, kwa hiyo unasukuma kinyume kwa nguvu zote. Ukitoa pombe ghafla ule msukumo unabaki peke yake. Ndiyo maana hospitali wanakupa dawa ya kutuliza wanayoipunguza siku baada ya siku, na vitamini B1, maana kwa mlevi haibaki mwilini. Arosto ya pombe inaua, na watu hawajui. Hapa dada ana nafuu: hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kunyimwa chapati siku tatu.

Lakini ngojeni niwachekeshe. Nilipoacha nilikuwa na kilo 68. Leo nina 97. Kiu ya pombe ikaja na kiu ya sukari, nikawa mtu wa soda nusu lita mbili kwa siku na KDF tatu, yale mandazi magumu. Sasa nina presha, na goti la kushoto linanitabiria mvua. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za huu uzi. Mkiniuliza ipi niliogopa zaidi? Nilipokuwa mlevi nilimpiga mke wangu. Nikila KDF kumi sijampiga mtu.

#12 Namba_za_Bungoma

Pole na hongera, ndugu. Hizo soda mbili: nusu lita moja ina gramu kama 53 za sukari, vijiko 13 vya chai. Kalori karibu 210. Bia nusu lita nayo huwa karibu 200. Ulihama nyumba lakini kodi ni ile ile.

Ndiyo maana mimi sipendi kuwagawa hawa watu wawili kama timu za mpira. Gramu moja ya pombe ina kalori 7, mafuta 9, sukari 4. Ini la mtu mnene asiyekunywa kabisa nalo linajaa mafuta, linaweza kuvimba na kushika makovu vilevile, na anayepiga picha ya ini hawezi kukuambia haya mafuta ni ya chang'aa au ni ya chipsi. Mwaka 2023 madaktari wa ini duniani walibadilisha majina ya ugonjwa huo, na wakaweka fungu maalumu la watu wenye vyote viwili, uzito na pombe. Huyo wa fungu la tatu, mwenye kitambi halisi na chupa mkononi, ndiye hatujamtaja hapa, na ndiye amejaa kwenye nyama choma kila Jumamosi.

Saratani pia. Pombe imewekwa kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, kundi moja na sigara: mdomo, koo, zoloto, koo la chakula, ini, utumbo mpana, titi. Unene ulihusishwa na aina 13 mwaka 2016, na titi baada ya kukoma hedhi, utumbo na ini zimo pia.

#13 Ngoja_Nikwambie

Mnajisumbua na wodi. Kuna dawa anauza mtu hapa Kondele, unga mweupe, mke anatia kwenye chai bila yeye kujua. Akionja pombe anatapika mpaka aichukie. Shemeji yangu aliacha kwa wiki mbili. Nitumie ujumbe nikupe namba.

#14 Klinikal_wa_Ahero

Usitume namba yoyote. Ikiwa ni ile ninayoidhani, ni dawa halali kabisa inayotolewa kwa mgonjwa aliyekubali mwenyewe na anayejua asiguse pombe. Inazuia ile sumu ya katikati niliyoitaja isivunjwe, ikarundikana. Uso unawaka, moyo unakimbia, presha inaporomoka. Mtu mwenye ini la huyu kaka, umtilie kwa siri, halafu apite kwa mama pima kama kawaida? Mtaambiwa amerogwa. Na ikiwa siyo hiyo dawa, basi hatujui ni unga gani, na hapo ni hatari zaidi.

Na ukishakuwa kwenye habari za usichokijua, kumbukeni chang'aa yenyewe. Sheria ya 2010 iliyoletwa na aliyekuwa mbunge, Mututho, iliihalalisha kwa masharti ya leseni na chupa, lakini ile ya mtoni haina kiwanda wala kipimo. Wanaotia kemikali za viwandani ndio walioleta vifo vya Mei 2014, watu karibu mia moja katika kaunti kadhaa. Ile methanoli ikivunjwa mwilini inakuwa asidi inayochoma mshipa wa macho. Mtu akiamka baada ya kulewa akasema anaona ukungu mweupe, asiambiwe alale. Apelekwe saa hiyo hiyo.

#15 Mwenye_Kilo_104
*Jumatatu, saa 2:05 usiku*

Habari zenu. Ndiye mimi. Mdogo wangu anadhani sijui jina analotumia humu.

Nimesoma yote. Kwanza asanteni kwa kuhusu kaka, tumempeleka leo, tuko naye. Pili, mimi sikulia kwa sababu ya kilima. Nililia kwa sababu alisema kweli. Mwaka juzi kilima hicho nilikipanda nikiwa na debe la maji.

Naamka saa tisa usiku kukanda unga. Naonja kila sufuria, kijiko hapa kijiko pale, saa kumi jioni mtu akiniuliza umekula nasema sijala. Saa nne usiku ndipo nakaa, na kinachobaki ndicho chakula changu, kwa sababu kukimwaga ni hasara. Wanaoniambia "punguza kula" hawajawahi kuniuliza nakula saa ngapi. Mume wangu amehama chumba kwa sababu ya kukoroma, anasema kuna wakati nakata pumzi mpaka ananitikisa. Mchana nasinzia nikihesabu chenji. Siku hizi usiku naamka mara nne kukojoa, na kiu haiishi.

Kaka akilewa anaitiwa mkutano. Mimi nikiongezeka kilo naambiwa Nakuru inanipenda. Sasa Mama wa Kibuye nimemuelewa kabisa.

#16 Mama_wa_Kibuye

Binti yangu, karibu. Nimekusoma mpaka machozi. Hiyo ya kumwaga chakula, mimi nawapa watoto wa jirani. Hata hivyo na wao wameanza kuwa wanene, sijui nimefanya nini.

#17 Klinikal_wa_Ahero

Dada yangu, shukrani kwa kuja mwenyewe. Kukojoa usiku, kiu isiyoisha, kukata pumzi usingizini: kesho ukiwa hapo hospitali na kaka, pimwa sukari na presha kabla hujala. Saba au zaidi ukiwa hujala, ikirudiwa ikawa hivyo, ni kisukari. Ukirudi Nakuru, wale wahudumu wa afya wa kijiji waliopewa mikoba mwaka 2023 wana mashine zote mbili, wanakuja hadi mlangoni.

Na kuna kipimo kisichohitaji mashine. Chukua kamba ya katani, jipime kuanzia unyayo hadi utosini, ikate. Ikunje mara mbili. Hiyo nusu inapaswa kukuzunguka kiunoni ikutane, bila kuvuta tumbo ndani. Isipokutana, mafuta yamekaa ndani, kuzunguka ini na moyo, na hayo ndiyo mabaya kuliko ya mapajani na makalio. Kila mtu kwenye huu uzi ajaribu.

Ukipunguza kilo tano hadi kumi kutoka 104, presha na sukari vinashuka bila wewe kufika kuwa mwembamba. Hakuna anayekutaka uwe kijiti.

Na nirekebishe jibu langu la jana. Nilisema kaka. Ni kweli kwa leo. Lakini kaka akiacha pombe na wewe ukaendelea hivi, baada ya miaka kumi na tano uzi huu ukifufuliwa jibu linaweza kuwa jingine: figo, macho, mguu, kiharusi. Saa zenu mbili hazitembei mwendo mmoja.

#18 Kijana_wa_Kondele

Nimejipima na kamba ya viatu nne zilizofungwa pamoja. Imebaki nafasi ya kupitisha mkono. Nina miaka 29. Nimenyamaza.

#19 Mzee_wa_Mirija

Ya kwangu imekutana na ikabaki. Nilisema nini.

#20 Klinikal_wa_Ahero

Mzee, shikamoo. Kamba hiyo haipimi ini. Tuambie: umewahi kuona unapaswa kupunguza? Watu wakikusema kuhusu kunywa, unaudhika? Unajuta asubuhi? Unahitaji glasi ya kwanza ili uamke? Mbili zikiwa ndiyo, njoo tuongee, nje ya uzi.

#21 Mwana_wa_Shinyalu
*Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 1:30 usiku*

Nimerudi na habari, samahani kwa kimya.

Kaka alilazwa. Walimtoa maji tumboni, lita tano, na alipoyaona kwenye ndoo alinyamaza siku nzima. Usiku wa pili alianza kutetemeka na kuongea na fundi mwenzake ambaye hayupo, lakini walikuwa wamejiandaa, wakamtuliza. Miaka Sita, nilikukumbuka. Kungekuwa ni nyumbani tungeita mchungaji. Ana makovu kwenye ini, hilo halina mjadala, na ameandikiwa rufaa akaangaliwe mishipa ya koo. Siku ya tisa leo hajaonja. Hakuna anayempongeza kwa sauti, tunaogopa.

Dada sukari yake kabla ya kula ilikuwa 9.1, kesho yake 8.8. Presha 158 kwa 96. Ameanza metfomini ya sukari na dawa ya presha. Kamba yake ilibaki wazi sentimita 38, niliishika mimi upande mmoja na kaka upande wa pili, kitandani kwake. Kaka hakusema kitu kuhusu kilima.

Sasa dada amefunga hoteli wiki mbili, yuko Shinyalu anampikia, na daktari amekataza chumvi kabisa kwa ajili ya yale maji. Yeye mwenyewe ameambiwa apunguze chumvi kwa sababu ya presha, kwa hiyo wanakula sufuria moja. Kaka anasusa. Anasema mrenda bila magadi ni nyasi. Magadi nayo imekatazwa. Kuna mtu humu anajua unavyopikwa bila hiyo?

#22 Mama_wa_Kibuye

Mrenda unateleza wenyewe, magadi inaulainisha tu. Uchemshe muda mrefu kidogo, changanya na majani ya kunde, tia nyanya na kitunguu kingi. Mwisho maziwa kidogo. Ndimu ukipenda. Asipokula siku ya kwanza atakula ya tatu. Asilegezwe na ile munyu ya majivu, wengine watamwambia ya kienyeji haina shida.

#23 Klinikal_wa_Ahero

Mama amesema vema. Munyu ya majivu ina potasiamu nyingi, na moja ya dawa anazopewa za kutoa maji, spironolaktoni, inaibakiza potasiamu mwilini. Zikikutana, moyo unaweza kwenda kombo. Asiguse.

#24 Mwenye_Kilo_104

Nimejaribu leo jioni. Amekula nusu bakuli akinung'unika. Nusu iliyobaki nimempa mbwa.

#25 Mama_wa_Kibuye

Mbwa! Hapo sasa nimekuelewa, binti yangu.